Jicho la Kijivu

Kila asubuhi Odilia na mumewe Melkizedek walimfunga mkokoteni punda wao, Kijivu. Walipeleka madumu ya maji kwa mama lishe wa Kimamba. Kijivu alikuwa mpole. Hata watoto walimpanda bila woga.

Siku moja alirudi kutoka malishoni, kando ya shamba la zamani la mkonge. Jicho lake la kushoto lilitiririka machozi. Alilifumba na kukwepa jua. Melkizedek alidhani ni vumbi tu. Kesho yake alimfunga mkokoteni kama kawaida. Kijivu akagonga nguzo ya genge la mboga. Melkizedek aliposogea kushoto kwake, akapigwa teke la paja.

Nyumba nzima ikachanganyikiwa. Jirani mmoja alisema punda amekuwa mkaidi, achapwe. Mwingine alisema amerogwa. Wa tatu alishauri atiwe maji ya tumbaku jichoni. Odilia hakujua amsikilize nani. Mwishowe akachukua dawa ya matone ambayo mama mkwe wake alipewa hospitali macho yalipomwasha. Akamtilia Kijivu. Aliwaza kwamba dawa ya macho ni dawa ya macho.

Jicho likazidi kuvimba. Likaingia ukungu kama maji ya mchele.

"Tumuuze," alisema Melkizedek. "Atakuja kuumiza mtoto."

Odilia alikwenda kumwita Ziada, afisa mifugo wa kata.

Ziada alimsemesha punda kwanza, akamwendea upande wa jicho zima. Kisha akadondosha rangi kwenye jicho bovu na kuliosha kwa maji ya dripu. Katikati pakabaki doa la kijani.

"Hiki ni kidonda," alieleza. "Huenda alichomwa na ncha ya mkonge. Rangi hii hushika palipochubuka tu."

"Mbona nilimtia dawa akazidi kuumwa?" Odilia aliuliza.

Ziada akaisoma ile chupa. "Hii ni ya kutuliza muwasho, Mama Bryson. Ina steroidi. Kwenye kidonda inazuia kupona, na vijidudu vinapata nafasi. Punda akifumba jicho na kutoa machozi, niite siku hiyo hiyo. Jicho halibahatishwi."

Melkizedek akauliza kuhusu lile teke.

"Alishtuka, Baba Bryson. Hakukuona."

Melkizedek akainamisha kichwa.

Ziada aliwapa dawa ya kupaka ya kuua vijidudu, akamchoma Kijivu sindano ya maumivu. Aliwaagiza waoshe mikono kabla ya kupaka, wamweke kivulini, wamkinge na inzi, na wasimfanyishe kazi. Alirudi mara kwa mara kulitazama jicho. Melkizedek alisukuma mkokoteni mwenyewe, na jioni akaenda kukata ncha za mkonge kandokando ya malisho.

Uvimbe ukaisha. Lilibaki baka dogo jeupe, na Ziada alisema halitaondoka.

Asubuhi ya kurudi kazini, Melkizedek alisimama kushoto kwa Kijivu. Alimwita kwa jina, akanyoosha mkono taratibu, kisha akausogeza pembeni. Lile jicho likaufuata.

"Ananiona," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo.