Mgeni Haugui

Ndugu zangu mnaonisoma, leo nina neno na nyinyi, hasa nyinyi wanaume mliosoma shule za bweni, ambao mkikutana harusini mnamsahau hata bwana harusi mkaanza kusimuliana mlivyomwagiwa maji ya baridi. Kaeni vizuri. Haya yalitokea katika nyumba ya watu wenye adabu zao, na ndiyo maana yananiuma kuyasimulia.

Jumapili moja alasiri nyumba hiyo ilikuwa imetulia tuli. Baba mwenye nyumba, mfamasia wa hospitali kubwa, alikuwa mezani na rundo la karatasi, miwani imemshuka puani. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku jipya la bati. Mtoto wao wa pekee alikuwa amejilaza kwenye zulia akijifunza kufunga tai. Walimwita Wakili, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza. Kesho yake angeanza kidato cha kwanza katika shule ya wavulana aliyosoma baba yake.

Na zile karatasi mezani zilikuwa historia ya shule hiyohiyo. Wahitimu wa zamani walikuwa wamempa mfamasia kazi ya kuandika kitabu cha miaka sitini ya shule, naye aliifanya kwa moyo wote. Alishaandika kuhusu wimbo wa shule, kuhusu kengele iliyotengenezwa kwa ringi ya gurudumu la lori, na kuhusu wageni, yaani kidato cha kwanza, kuingia bwaloni kwa mlango wa jikoni huku wakongwe wakipita mlango wa mbele. Siku hiyo alikuwa amefika kwenye desturi aliyoipenda kuliko zote. Akaisoma kwa sauti ya kuhutubia.

"Mgeni haugui. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hakanyagi zahanati muhula wake wa kwanza. Atakayekanyaga ataitwa Yai mpaka amalize shule. Desturi hii ilianzishwa na vijana wa darasa la kwanza kabisa, waliokataa dawa muhula mzima ili kuonyesha ukakamavu wao."

"Na akiugua kweli?" mkewe akauliza bila kuinua kichwa.

"Haugui."

"Baba Wakili, nimekuuliza swali la maana."

"Nami nimekujibu. Mimi nilikamatwa na homa wiki mbili, nikajikaza kisabuni, na leo si huyu hapa nakula chakula chako?"

Wakili akainuka. "Lakini baba, kama wageni hawaugui, na wakongwe wanajifanya wa chuma, hiyo zahanati ni ya nani? Si waifanye stoo ya mipira?"

Mama akacheka. Baba hakucheka.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Wakili alikuwa na sikio la kulia linalomsumbua tangu utotoni. Mama yake alitia sandukuni chupa ya dawa ya sikio, akaifunga ndani ya soksi. Alipokwenda jikoni, mfamasia akaichomoa.

"Wakikupekua wakaikuta hii," akamnong'oneza mwanawe, "utaitwa Yai kabla hujaonyeshwa kitanda. Nisikilize mimi, nimepita pale."

Huyu ni mtu ambaye kutwa anawagombeza wagonjwa dirishani, maliza dozi, usimpe jirani dawa yako, usisubiri mpaka uzidiwe. Nawaambieni, akiwa na akili zake timamu aliitoa dawa ya mtoto wake akaitia mfukoni. Tena alijiona anamfanyia hisani.

Jumamosi ya wiki ya saba ilikuwa siku ya wazazi. Mama hakuweza kwenda, alikuwa anamuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Mfamasia akaenda peke yake, amevaa tai ya wahitimu, kifua mbele. Pale uwanjani kila hatua alikutana na mtu wake wa zamani, wakapigana mabega na kuitana majina ya utani ambayo wake zao hawayajui.

Wakili akaja. Alikuwa amekonda, lakini hilo halikumshtua baba, nani asiyekonda bweni. Kilichomshtua ni kwamba alimsemesha mtoto mara mbili bila kujibiwa. Mara ya tatu Wakili akageuza kichwa kizima, akamtegea sikio la kushoto. Ndani ya sikio la kulia kulikuwa na pamba. Baba akainama kidogo, na ile harufu akaitambua mara moja. Ni harufu anayokutana nayo kazini kila wiki, harufu ya usaha.

"Limeanza lini?"

"Wiki ya tatu, baba. Lakini zimebaki wiki tano tu. Sijaenda popote." Akajaribu kutabasamu. "Wenzangu wanne wameshaitwa Yai. Mimi bado."

Ndugu zangu, pale ndipo mtu anapopimwa. Zahanati ilikuwa hatua mia moja kutoka pale walipoketi, mlango wazi, muuguzi amesimama kizingitini. Mfamasia alijua jina la ugonjwa, alijua dawa yake, alijua na hatari yake. Wakati huohuo rafiki yake mmoja mnene akapita akamgonga mgongoni, "Huyu ndiye kijana? Damu yako hii, hakuna mayai hapa," na wote wakacheka. Mfamasia akajisikia anavimba kwa fahari. Akamshika mwanawe bega akasema, "Vumilia, mwanangu. Zimebaki chache."

Mkewe alipompigia simu kumuuliza hali ya mtoto, akajibu, "Mzima, hana hili wala lile."

Tangu alipokata simu hiyo hakutulia tena. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alichosimamia. Jumatatu alimpa mama mmoja dawa ya mtu mwingine, na kama msaidizi wake asingemkimbilia mlangoni sijui ingekuwaje. "Mkuu, leo una nini?" msaidizi akamuuliza. "Sina kitu," akasema, na papo hapo akaanguka na trei ya vidonge. Jumanne aliandika ukurasa mmoja wa kitabu mara tano akauchana mara tano. Kila alipofika kwenye neno ukakamavu kalamu ilikuwa inamkwama, akaenda zake kunywa maji ambayo hakuyahitaji.

Jumatano akakata shauri amtembelee nesi wa kwanza wa shule, bibi aliyestaafu zamani, ili apate maneno mawili matatu ya kupamba ile sura ya kitabu. Labda alidhani akiimaliza sura, roho itatulia. Bibi alikuwa kibarazani anachambua maharage, macho hafifu lakini ulimi mzima.

"Bibi, nimekuja kuhusu wale vijana wa kwanza. Wale waliokataa dawa."

Bibi akaacha kuchambua. "Waliokataa dawa ya nani?"

"Yako, bibi. Muhula mzima. Mgeni haugui."

"Muhula upi? Mwaka ule nilikwenda likizo ya uzazi, na hawakuleta mtu wa kushika nafasi yangu. Zahanati ilipigwa kufuli miezi mitatu, ufunguo ninao mimi nyumbani kwetu. Hayo maneno yalikuwa ya msimamizi wa mabweni. Watoto wakimwendea wanaumwa, alikuwa akiwafukuza hivyo, mgeni haugui, rudi darasani. Alikuwa anaficha kwamba hana muuguzi. Nyinyi mkaja mkayageuza wimbo."

"Kwa hiyo hawakukataa?"

"Mwanangu, niliporudi nilikuta ule mlango umebonyea chini. Walikuwa wanaupiga mateke wafunguliwe. Mmoja jino lilimvimba taya lote. Walimpeleka hospitali siku aliposhindwa kusema, na hakurudi. Baba yake alikuja kuchukua sanduku." Akayasogeza maharage pembeni. "Na wewe una mtoto pale?"

"Ninaye."

"Anaendeleaje?"

Mfamasia aliinuka. Hata kuaga hakuaga. Aliliendesha gari kama lililoibwa.

Shuleni mwalimu wa zamu alimpokea vizuri, akafungua daftari la mahudhurio. "Kijana wako yupo, mzee. Kila jioni yupo, wala hajalalamika." Kumbe alikuwa yupo kwenye daftari tu. Wenzake walikuwa wanamwitikia akiitwa, kila siku zamu ya mmoja, ili asijulikane anaumwa. Walikuwa wanamsaidia kwa namna shule ilivyowafundisha. Baba akamkuta bwenini saa tisa mchana, chini ya mablanketi mawili, anatetemeka, shingo haigeuki. Nyuma ya sikio kulikuwa na uvimbe mwekundu mkubwa kama limau. Akamwita jina lake. Wakili alimwangalia kama anayemfananisha.

Akambeba mwenyewe mpaka garini. Alilia njia nzima, nalo hilo silifichi, mwanaume mzima alilia kwa sauti.

Hospitalini daktari wa masikio hakumzungusha. Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa na ulikuwa unaelekea kwenye ubongo. Wakamfanyia upasuaji jioni ileile. Mama alifika wakati mtoto bado yumo chumba cha upasuaji, muuguzi akamweleza hali waliyompokea nayo, pamba na harufu, naye akaketi kwenye benchi kando ya mumewe.

"Jumamosi ulimwona?"

"Nilimwona."

"Pamba uliiona?"

"Niliiona."

"Na harufu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukaniambia mzima." Hakupandisha sauti. Alihama tu benchi, akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi, wakawa wanatazamana kama watu waliokutana kituo cha basi.

Wakili alipona, Mungu mkubwa. Lakini sikio la kulia lilikufa, halisikii hata honi. Siku ya nne alipoweza kukaa kitako, baba yake alimuuliza kilichomfanya anyamaze, yeye ambaye hanyamazi.

"Nilitaka niende, baba. Nilifika mpaka mlangoni siku moja," Wakili akasema. "Nikakumbuka unaandika kitabu. Sikutaka watu wakuite baba wa Yai."

Mwezi uliofuata wahitimu walikutana kusomewa kitabu kabla hakijapigwa chapa. Mfamasia akasimama bila ile tai, akasoma maneno ya bibi yote, kufuli, mlango uliobonyea, na sanduku lililochukuliwa na baba. Kisha akasoma habari za mwanawe, na kwamba pamba aliiona. Yule rafiki yake mnene akanung'unika, "Umetuharibia sherehe."

"Mimi nimeharibu sikio la mwanangu," mfamasia akamjibu. "Sherehe itapona."

Wengine walitoka. Waliobaki walikwenda kwa mkuu wa shule, na muhula uliofuata wageni walipelekwa zahanati siku ya kwanza, wote kwa mstari, na wakongwe ndio waliowasindikiza. Nyumbani kwa mfamasia mambo yamerudi kiasi. Mkewe anamsemesha, ingawa akimuuliza jambo humuuliza mara ya pili. Na Wakili akibishana naye mezani, baba huhamisha kiti chake, akakaa kushoto.

FUNZO

Wazazi wenzangu, si kila kilichotupata utotoni ni urithi wa kuwaachia watoto. Mengine yalikuwa upungufu tu, au uonevu wa mtu mmoja, nasi tukaupaka rangi tukauita desturi kwa sababu tuliona haya kusema tuliumia. Kabla hujamwambia mwanao avumilie, uliza aliyeanzisha uvumilivu huo alikuwa anaficha nini. Mtoto anakupenda kiasi cha kuugua kimya ili usiaibike. Basi usimpe sababu. Akikwambia anaumwa, nyanyuka pale ulipoketi umpeleke, na rafiki zako wakicheka, waache wacheke.