Bomba Nililooshea Kijitoni

Ijumaa kwetu Sironga ni mbio tupu. Kabla jua halijazama, kuni ziwe zimeingia ndani, chakula kimeiva na nguo za kanisa zimepigwa pasi, maana Sabato ikianza kazi zote hukoma. Ijumaa hiyo Baba alimaliza kunyunyizia nyanya dawa ya wadudu, akanikabidhi bomba la dawa.

"Nyamusi, lioshee kule juu, kwenye shimo la taka. Usithubutu kulipeleka kijitoni."

"Sawa, Baba."

Lakini jua lilikuwa limeshagusa kilima, na maji ya kuoshea kule juu ni ya kubeba kichwani! Nikakimbilia kijitoni. Nililisuuza bomba mara tatu, maji yakageuka meupe, yakateremka. Nikajiambia maji ni mengi, hayatadhuru kitu.

Asubuhi, tukielekea kanisani, nilichungulia kijitoni. Lo! Viluwiluwi, watoto wa vyura, walikuwa wakielea, wamekufa wote. Kaa wawili walilala chali. Na hapo chini kidogo ndipo palipo na kidimbwi cha ubatizo. Mchana huo rafiki yangu Ashley angezamishwa humo, wa kwanza kabisa.

Kanisani sikusikia mahubiri. Ashley alinionyesha taulo yake mpya, akitabasamu. Nilimwona akilini akimeza maji yale, jasho likanitoka. Nikisema, Baba ataaibika mbele ya waumini wote. Nisiposema, je?

Waumini walipoanza kuteremka wakiimba, nilimshika Mchungaji mkono.

"Mchungaji, msiingie! Jana niliosha bomba la dawa humo!" Nikaangua kilio.

Wimbo ulikatika. Baba alishuka hadi majini, akarudi uso umemshuka.

"Ni kweli. Asiingie mtu." Akamgeukia kaka yangu. "Obadiah, kimbia uwaambie walio chini wasichote maji wala kunywesha ng'ombe."

Ubatizo uliahirishwa. Ashley hakunisemesha hadi Jumatano. Mimi nilipewa adhabu ya kuchota maji katika chemchemi ya mbali, mwezi mzima.

Wiki zilizofuata, jioni zilikuwa kimya, bila milio ya vyura, isipokuwa mbu. Mbu gani hao! Nilimuuliza Mama walikotoka.

"Walikuwepo siku zote," alisema. "Vyura na kerengende ndio waliokuwa wakiwapunguza. Sasa dawa imewaua, nani awale mbu?"

Mvua kubwa ilinyesha, ikasafisha kijito. Sabato moja tuliteremka tena kidimbwini. Chura mmoja mdogo aliruka kutoka majanini, akatumbukia. Nilipiga kelele kwa furaha hadi watu wakageuka. Ashley alicheka, akanipa taulo yake nimshikie.

Baba aliniwekea mkono begani.

"Umeona, Nyamusi? Uliua viluwiluwi, mbu wakatuvamia sisi. Viumbe wa kijito wanategemeana, nasi tumo. Haraka yako iliwaponza wengi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulisema, ndiyo maana leo Ashley anaingia majini salama. Ukikosea, sema mapema."

Ashley alizamishwa, akaibuka akitweta na kucheka. Nikamfunika taulo.