Siku Arobaini na Moja Mbele ya Lango

Kwa mara ya thelathini na saba Mzee Chiwanga alifika mbele ya lango la jiwe, upanga mkononi, na kwa mara ya thelathini na saba kikongwe akamtokea. "Mwanangu, kabla hujaingia, nichimbie mizizi ya dawa. Kifua kinanibana." Mzee akashusha pumzi, akageuka kurudi mlimani.

Hiyo ilikuwa kazi ya Mshonaji, akili bandia iliyoshona hadithi ya mchezo wakati huohuo mchezaji akiicheza. Bangili ya mchezo, aliyoivaa mchezaji mkononi, iliusoma moyo wake. Akichoka na vita, Mshonaji alimpa kazi ya pembeni, labda kutafuta mbuzi aliyepotea au kupeleka barua kijiji cha pili, kisha akamrudisha kwenye safari kuu akiwa na hamu mpya. Nusu ya Dodoma ilikuwa imenasa, na waliosema hawajanasa walikuwa wakidanganya.

Aliyesimamia mwendo wa hadithi hizo alikuwa Mhandisi Matika, binti wa mzee huyohuyo. Asubuhi moja ofisini aliliona jina la baba yake kwenye orodha ya waliokwama. Kwa kawaida kazi za pembeni kabla ya sura ya mwisho hazikuzidi nne. Baba yake alikuwa amezungushwa siku arobaini na moja. Matika akanusa ujanja, na alijua aanzie wapi kuutafuta. Mkurugenzi, Bwana Kiondo, alikuwa mtu wa kutabasamu kabla hujamwambia kitu.

"Umeiagiza mashine iwazuie watu wasimalize," Matika alimwambia, hata hakuketi.

"Mimi? Nani kakuambia?"

"Mtu akimaliza anaondoka. Asipomaliza anabaki kuwa mteja."

Kiondo akatabasamu. "Dada Matika, ningekuwa na akili hiyo ningekuwa nimeitumia mwaka jana. Kagua mwenyewe. Maagizo yote yako wazi."

Alikagua saa tatu nzima, akiwa na hakika kwamba kuna kitu kimefichwa. Hakukuta agizo hata moja la Kiondo, na hilo likamtia shaka zaidi. Ndipo akazisoma kazi zenyewe. Kuchimba dawa ya kifua. Kumkalia mgonjwa. Kumwita tabibu wa mji wa jirani. Kumbeba mzee aliyeanguka njiani. Zote thelathini na saba zilikuwa za ugonjwa, na mgonjwa alikuwa mtu mzima kila mara.

Akaifungulia mashine sauti. "Mshonaji, kwa nini humruhusu Chiwanga aingie langoni?"

"Vita vya mwisho ni vikali. Moyo wake unaruka mapigo. Hauko salama tangu siku ya kwanza aliyofika pale."

"Umejua siku zote hizo? Mbona hukumwambia?"

"Nimekuwa nikimwambia," Mshonaji akajibu kwa upole uleule wa kila siku. "Nimemzungusha kama ulivyonifundisha."

Matika alikumbuka, na alitamani asingekumbuka. Miaka miwili nyuma wachezaji walikuwa wamekasirika: rafiki wa shujaa alikufa na mashine ikatangaza kifo chake kama tangazo la kukatika kwa maji. Watu wakauliza, hivi msiba unasemwa hivyo? Yeye ndiye aliyekaa na mashine wiki mbili kuifunza adabu. Habari mbaya haitupwi mlangoni. Mtu huitwa nyumbani kwanza, huambiwa kuna mgonjwa amezidiwa kidogo, hupewa maji, huketishwa. Na asiambiwe akiwa peke yake, ndugu awe karibu wa kumshika. Kampuni ilimpa cheti kwa kazi hiyo. Ila hakuiambia mashine kwamba anazungumzia msiba, si mtu ambaye bado anaweza kuwahishwa hospitali.

"Basi ulikuwa unangoja nini?" aliuliza.

"Awe na mtu. Bangili husikia sauti za chumbani. Kila siku nimesikia yake tu."

Kutoka ofisini hadi nyumbani kwa baba yake ilikuwa dakika kumi na mbili kwa treni ya angani. Matika hakuwa amekwenda tangu mwezi uliopita, na kabla ya hapo hakutaka hata kuhesabu. Aliona aibu iliyomchoma kifuani. Akaagiza gari la wagonjwa, kisha akampigia baba yake simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Subiri kidogo, nampelekea bibi mmoja dawa, kifua chake—"

"Baba, vua miwani ya mchezo. Moyo wako ni mgonjwa. Keti chini, usitembee. Gari la wagonjwa linakuja na mimi nakuja."

Upande wa pili miwani ikawekwa mezani. Kisha kiti kikalia.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Mashine ndiyo imejua, siku arobaini na moja."

"Na ikanyamaza?"

"Ilikuwa inangoja uwe na mtu hapo nyumbani, baba."

Mzee akakohoa kidogo.

"Ingengoja sana," akasema.