Moyo wa Maksai wa Apalokori

Maksai wa madoa alikuwa amelala ubavu nje ya boma, viungani mwa Lodwar, ulimi nje, mchanga umemjaa machoni. Mzee Aregae, ambaye watu wote walimwita Apalokori, yaani baba wa mwenye madoa, kwa ajili ya huyo ng'ombe wake mpenzi, alikaa kando akimfukuzia nzi.

"Ejok, baba," Inspekta Akiru alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok ya wapi? Unaongea na maiti, binti yangu. Mkamate Biar, muuza dawa za mifugo wa Kakuma; sumu imetoka kwake. Usipomfunga leo, wanangu watamfuata wenyewe."

Daktari wa mifugo alikuwa amepasua kifua. Moyo ulikuwa umelegea, una mabaka meupe kama nyama iliyochemshwa.

"Si sumu. Shingoni ana alama nyingi za sindano. Nadhani ni homoni ya kumtia ng'ombe hamu ya kula. Ukizidisha, anaikojoa potasiamu ya mwilini, na ukame huu hauna majani ya kuirudisha. Misuli ya moyo inakufa."

Huko Kakuma, Akiru alimkuta Biar nyuma ya meza ya duka.

"Ulimuuzia nani?"

"Mama mmoja mzee wa Lodwar, afande. Nikamwambia sindano moja, basi. Akarudi, akarudi tena."

"Na wewe ukauza tu."



Njiani Akiru aliwaza. Yule maksai alijulikana kwa kumpiga teke kila mtu. Alitulia akiimbiwa tu wimbo aliotungiwa na mzee. Nani mwingine aliujua?

Alimkuta Atiir, mke wa mzee, akisuka kikapu cha majani ya mkoma.

"Mama, ulimwimbia?"

Mikono ikasimama. "Nilimwimbia."

"Halafu ukamdunga. Kwa nini?"

"Alikonda, na mzee akakonda naye. Nikimpakulia, anasukuma bakuli. Sindano ya kwanza, ng'ombe akala. Mzee naye akala! Hata akanitania, akaniita bibi harusi. Ng'ombe alipoanza kulegea miguu, nikamwongezea sindano." Akamshika Akiru mkono. "Nifunge, lakini usimwambie."

"Wana wa mzee watamuua Biar, mama."

Atiir akainuka, akaenda kumwambia mwenyewe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akawaita wanawe, akawaamuru waweke fimbo chini. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mimi sikukosa hamu ya kula, Atiir. Nilikuwa nimefunga, namwomba Mungu wetu Akuj mvua. Siku ile nilikula kwa kuwa nilimwona ng'ombe akila, nikadhani Akuj amenisikia."

Atiir akaketi mchangani. Akiru akageuka, akajifanya anatafuta funguo za gari.