Vitabu vya Bure kwa Banda la Kamba

Kila asubuhi wanawake kumi na mmoja walikaa kuizunguka meza ndefu ya mabati katika banda la samaki huko Liwatoni, ufukweni. Kazi yao ilikuwa kumenya kamba. Kamba walimwagwa mezani pamoja na barafu, na mikono ikaanza. Kichwa huku, ganda kule, nyama kwenye karai.

Mwanamke wa kumi na mbili hakumenya. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma kitabu kwa sauti. Huyo alikuwa Kanze.

Usidhani Kanze alikuwa mvivu. Alikuwa amemenya kamba kwa miaka tisa. Chumvi na miiba ya kamba vilimla vidole mpaka vikapasuka. Nesi alimwambia, "Mama, mikono hii ukizidi kuitia majini, itaoza." Lakini Kanze hakuwa na kazi nyingine. Mumewe, Menza, alikuwa amefariki, na watoto walikuwa bado wadogo.

Basi wenzake walishauriana wakatoka na neno moja. Kanze alikuwa amesoma ngumbaru, alijua kusoma Kiswahili vizuri. Yeye awasomee hadithi. Nao, kila mmoja akijaza karai lake, atie konzi moja ya kamba katika karai la Kanze. Haba na haba hujaza kibaba. Jioni karai lake lilikuwa limejaa kama la wengine, na msimamizi hakuwa na la kusema.

Mambo yalikwenda vizuri mwaka mzima. Shida ni kwamba Kanze alikuwa na vitabu viwili tu. Alikuwa amevisoma mara nne. Akianza sentensi, Caroline, aliyekuwa mdogo wao, aliimalizia. Sasa hata wewe, ungeendelea kusikiliza?

Mkubwa wao kwa umri aliitwa Rispah. Alikuwa mwanamke wa sauti nzito na maneno machache. Siku moja alisema lililokuwa mioyoni mwa wengi.

"Kanze, dadangu, si kwa ubaya. Hadithi hizi zimetuchosha. Mimi n'na redio nyumbani. Mwezi ukisha, ntaileta."

"Na mimi je?" Kanze aliuliza.

Waliendelea kumenya, macho yakiwa mezani.

Kanze alielewa. Wakiwa na redio hawatakuwa na haja ya msomaji, na asiye msomaji atamenya kama wengine. Alitazama vidole vyake. Aliogopa kweli kweli.

Vitabu vya dukani vilikuwa ghali. Vya maktaba aliogopa kuvipeleka kazini, kwa sababu banda lilikuwa maji matupu. Kitabu cha watu kikilowa, atasema nini?

Jioni moja jirani yake, Tumu, alimwazima riwaya mpya. "Lakini n'rudishie baada ya siku mbili," alisema. "Si yangu, na mwenyewe ana ukali."

Siku mbili hazikutosha. Kanze akafikiri: nitakitoa nakala kizima. Nakala hata ikilowa, hasara ni yangu.

Nyuma ya Biashara Street kulikuwa na chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na kompyuta mbili. Ulikuwa mwaka wa 1999, na kompyuta bado zilikuwa kitu cha watu kwenda kutazama. Aliyefanya kazi pale alikuwa Shukri, binti wa Mji wa Kale.

"Masalkheri, mwanangu."

"Akheri, mama. Karibu. Wataka nini?"

"Nitolee nakala ya kitabu hiki. Chote."

Shukri alikifungua, akasoma ukurasa wa mbele, akakifunga.

"Mama, niwie radhi. Hiki siwezi."

"Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Kitabu hiki kimetoka mwaka jana, na mwandishi wake yu hai. Sheria haituruhusu kukinakili kizima bila idhini yake."

Kanze alikasirika kidogo. "Mwanangu, mimi sendi kukiuza! Nawasomea wenzangu tu."

"Kuwasomea, wasomee. Ubaya uko kwenye kunakili. Wewe wafanya kazi gani, mama?"

Kanze alimweleza. Alieleza habari za vidole, za konzi, na za redio inayokuja. Shukri alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," Shukri akasema. "Jioni karai lako limejaa. Mtu aje alichukue, aseme, 'Siendi kuuza, nawapikia wanangu tu.' Utamwacha?"

"Ntamwachaje? Watu wamelijaza kwa jasho!"

"Na huyu mwandishi naye ana karai lake."

Kanze aliona haya. Yeye aliyekula kwa jasho la wenzake, alikuwa ametaka kuchukua jasho la mwingine bila hata kufikiri. Alikirudisha kitabu katika mkoba.

"Basi naenda zangu," alisema kwa unyonge.

"Kaa, mama! Sijamaliza. Vitabu vya bure viko, tena vya halali."

Shukri alimvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Kompyuta hii imeungwa na waya wa simu. Kwa waya huo mtu hufika kwenye kompyuta nyingine dunia nzima. Ndio huo mtandao uusikiao. Sasa, mwandishi akifa, na miaka mingi ikapita, kitabu chake huwa cha watu wote. Sheria yenyewe yasema hivyo. Kuna watu wenye moyo wao, hukaa wakavipiga chapa vitabu hivyo, neno kwa neno, wakavitia mtandaoni. Kila mtu achukue bure. Na wako waandishi walio hai wanaotoa kazi zao bure kwa hiari. Hao wametoa wenyewe."

"Kitabu kisicho karatasi?" Kanze aliuliza.

"Kisicho karatasi. Chasomwa kwenye kioo hiki, au chatiwa kwenye diski." Alimwonyesha kijibamba chembamba cha plastiki, kilichoenea kiganjani. "Hapa huingia riwaya nzima, na nafasi ikabaki."

Kanze alikigeuza huku na huku. Hakikuwa hata na uzito.

"Haya, mama. Wataka hadithi ya namna gani?"

"Hadithi ni hadithi, mwanangu. Nipe nzuri."

Shukri alicheka. "Ukienda Marikiti, wamwambia mtu, 'Nipe chakula'? Si wasema wataka ndizi au muhogo? Hadithi nazo zina aina zake. Kuna za mapenzi. Kuna za upelelezi, mtu ameuawa na muuaji anatafutwa. Kuna za kutisha, za mizimu na nyumba zenye mashetani. Kuna za safari na hatari zake. Kuna za kuchekesha. Na kuna za mambo ya miaka ijayo, watu wanaishi mwezini. Mtandaoni zimepangwa hivyo, kila aina mahali pake. Kawaulize wenzako wapenda zipi, kisha urudi."

Kanze alishangaa. Mwaka mzima alikuwa amewasomea alichokuwa nacho. Hakuwahi kuwauliza hata mara moja.

Kesho yake aliwauliza. Weee! Banda lilikuwa kama soko.

"Mapenzi!" Caroline alipaza sauti. "Lakini mwisho waoane. Sitaki za kulia."

"Za kutisha," alisema Beryl. Beryl alitoka Kisumu, na alikuwa amefika kidato cha nne. "Zile za kukufanya uogope kwenda chooni."

"Na wewe, dada Rispah?" Kanze aliuliza.

"Mimi nataka taarifa ya habari," Rispah alijibu. Akamenya kamba watatu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Basi, ya muuaji. Lakini ashikwe. Wa kwetu hawashikwi."

Jumamosi Kanze alirudi kwa Shukri. Kompyuta ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza, ikaungana na mtandao. Walisubiri. Ukurasa ulishuka mstari kwa mstari.

"Kabla hujachukua kitabu, fanya mambo haya," Shukri alisema. "Tazama hapa mwanzo. Pameandikwa kwamba ni bure kwa wote? Mwenyewe ni marehemu wa zamani, au ametoa kwa hiari? Kama pako kimya, usichukue. Si kila kitu kilicho mtandaoni ni cha bure. Kisha soma ukurasa wa kwanza kabla ya kukichukua kizima. Kisipokuvuta, wacha. Kitabu ni bure, lakini dakika za simu si bure."

Kwa Kiswahili walipata kidogo tu: hadithi za kale za pwani hii, zilizoandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Vingine vyote vilikuwa vya Kiingereza. Vilikuwa mamia kwa mamia. Kanze alivitazama, moyo ukamshuka.

"Mimi Kiingereza sikijui."

"Katika banda zima hakuna akijuaye?"

Kanze alifikiri. "Yuko Beryl."

"Basi kitabu kilicho cha watu wote waweza hata kukifasiri. Hakuna wa kukukataza."

Shukri alitia diskini hadithi za kale, na riwaya moja ya muuaji ya Kiingereza. Alichapa kurasa kidogo kidogo, kwenye karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja. Ziloe, zinuke kamba, hakuna wa kudai.

Hadithi za kale ziliwafaa kwa wiki moja na nusu. Huku nyuma, kila Jumamosi na Jumapili alasiri, Beryl alikuja kwa Kanze. Beryl alisoma Kiingereza na kusema maana yake. Kanze aliiandika kwa Kiswahili katika daftari. Hawakukosa kubishana.

"'Alikuwa na nywele za rangi ya majani makavu,'" Beryl alisema.

"Hapana, hiyo haijakaa. Nani husema hivyo? Naandika, nywele za manjano."

"Lakini ndivyo alivyosema mwandishi!"

"Huyo mwandishi hajui kama twamsomea Rispah."

Walicheka, wakaendelea. Mara nyingine walikwama kwa neno moja nusu saa. Kanze hakuwahi kuandika kurasa nyingi hivyo maishani mwake. Vidole vilimuuma, lakini yalikuwa maumivu mengine, naye aliyapenda.

Siku ya mwisho wa mwezi, Rispah alikuja na redio. Aliiweka mezani, akauvuta waya wake wa kunasia mawimbi. Kanze alikuwa amewasomea mpaka mahali ambapo mtumishi wa jumba alimouawa mzee amekutwa na kisu chenye damu. Kanze alifunga daftari.

Rispah alishika kitufe. Kisha akauliza, "Huyo mtumishi, jana alisema kisu kilikuwa wapi?"

"Jikoni," Caroline alijibu.

"Mwongo huyo," Rispah alisema. Akaondoa mkono kwenye kitufe. "Soma kwanza. Redio haikimbii."

Redio ilikaa mezani siku nzima bila kuwashwa. Jumatatu iliyofuata hakuileta.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, Kanze alisikia hodi. Alikuwa Rispah, amevaa nguo ya kanisani, jasho limemtoka kwa kupanda ngazi.

"Karibu, dadangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Niambie tu ni nani aliyemuua yule mzee."

Kanze alicheka mpaka akashika mlango. "Wallahi sijui! Beryl hajafika huko. Atakuja saa kumi."

Rispah aliketi. Karatasi za Kiingereza na daftari vilikuwa mezani. Alilivuta daftari, akapitisha kidole juu ya maandishi, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa.

"Yumo humu," alisema. "Muuaji yumo humu, nami namtazama, simuoni. Kanze, nifundishe kusoma."

Kanze alipata aibu kwa wazo lililomjia, lakini lilimjia. Leo Rispah, kesho Caroline, kesho kutwa banda zima. Wote wakijua kusoma, nani atamtilia konzi?

Rispah alimtazama, akamwelewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuwa mjinga.

"Una wazimu wewe?" alisema. "Mikono yangu imo ndani ya kamba kutwa. Hizo karatasi ntazishika kwa nini, kwa meno? Kazini utasoma wewe. Nyumbani nataka kusoma mwenyewe."

Kanze alicheka, na machozi yakamtoka palepale. Alifungua ukurasa mpya wa daftari. Akaandika jina la Rispah kwa herufi kubwa, akampa kalamu.

"Anza na lako," alisema. "La muuaji litakuja."