Nyekundu kwenye Bodi

Mzee Evelio Tamayo alikutwa amekufa kwenye kiti chake cha kubembea saa sita mchana, barakoa ya oksijeni ikining'inia kidevuni. Mashine iliyokuwa ikimpa hewa ilikuwa kimya miguuni pake. Waya wake ulipita dirishani, ukatoka hadi uani kwenye Ford ya mwaka 1951, ukaishia kwenye kikasha kilichonuka plastiki iliyoungua.

Kikasha hicho ni inveta. Mji mzima wa Bayamo tunazijua: umeme ukikatika, unabana waya mwekundu na mweusi kwenye betri ya gari, inveta inaugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na maisha yanaendelea. Siku hiyo umeme ulikatika saa nne asubuhi, ilhali ratiba ilisema saa nane. Ratiba hiyo mimi nilishaacha kuisoma.

Inspekta Nereida Quiala alilizunguka gari mara mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kumshuku hata anayemkaribisha kahawa.

"Leyva, unaona nini?"

Sajenti Leyva alikuwa ameinama chini ya boneti na kamera yake. "Imefungwa sawasawa, Afande. Mweusi kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe, mwekundu kwenye kichwa cha betri. Lakini imeungua ndani. Fyuzi moja iliyoungua nimeiokota chini ya bampa. Nyingine imo humu humu, nayo iliungua, kisha mtu akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kuirudisha."

"Kwa hiyo hakukuwa na fyuzi tena ya kukatika."

"Ndiyo. Ikaungua inveta yenyewe."

Mlangoni alisimama Mayelín, binti wa marehemu, mwalimu, vumbi la chaki likiwa bado mikononi. Hakulia.

"Ni mume wangu," alisema. "Ni Osmel. Mkamateni."

"Kwa nini?"

"Alitaka Ford iuzwe, tuondoke nchini. Baba alikataa. Jana walifokeana mpaka majirani wakatoka nje."

Jirani wa kwanza kutoka alikuwa Fermín Arias, ambaye alicheza dhumna na marehemu kwa miaka arobaini. Chevrolet yake ya kijani ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba ya pili. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nilimsikia kwa masikio yangu, Afande. Alisema, 'Siku utakayokufa wewe mzee, ndiyo siku tutakayoondoka.'"

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Kichwa kilikuwa kinanigonga."

"Hili gari hukuligusa?"

"Mimi?" Fermín alikaribia kucheka. "Miaka arobaini sijafungua boneti ya kopo hili. Mimi mtu wa Chevrolet, muulize yeyote. Evelio mwenyewe ange..." Akajifuta uso kwa kofia.

Osmel alirudi saa saba, mfuko wa dawa mkononi, akakuta polisi kwake. Saa nane alikuwa chumba cha mahojiano.

"Ulikuwa wapi?"

"Foleni ya dawa zake."

"Nani alikuona?"

"Watu mia. Lakini kwenye foleni nani anamtazama mwenzake? Kila mtu macho mlangoni."

"Ulimwambia siku atakayokufa mtaondoka."

"Nilimwambia. Na yeye akasema atanizika mimi kwanza. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, Afande. Nani alikuwa anamwogesha? Nani anamkata kucha? Huyo jirani?"

Inspekta alisukuma picha mezani. Osmel aliinama kuitazama, na uso ukambadilika.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Upuuzi gani?"

"Mweusi kwenye bodi! Hii si Chevrolet. Ford za miaka ile zilitoka kiwandani chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi. Mzee alibadilisha betri tu, mfumo akauacha ulivyo. Hapa mwekundu ndio unaokwenda kwenye bodi. Ukifunga hivi umegeuza, na inveta inaungua. Vichwa vya betri vimeota kutu, alama hazionekani. Lazima uwe unajua."

"Nani anajua?"

"Mimi na mzee. Hata Mayelín hajui."

Alipoyatoa hayo ndipo aliposikia alichokisema.

"Kwa hiyo," alisema Inspekta Quiala taratibu, "aliyebaki duniani anayejua namna ya kuiunguza ni wewe peke yako."

Osmel alilala mahabusu. Jioni Mayelín alimletea shuka, lakini alikataa kumwona. Alimwambia Leyva kwamba mazishi ni kesho alasiri na mumewe asidhani atabeba jeneza.

Ushahidi wote ulimwangukia mtu mmoja, na hilo ndilo lililomkera inspekta. Alikuwa akizipindua zile fyuzi mbili mezani.

"Leyva, ukitaka kuua kwa inveta, unaifunga vibaya mara ngapi?"

"Mara moja, Afande. Naondoka zangu."

"Huyu kajaribu mara tatu. Kabadilisha fyuzi, kazungushia karatasi. Alitaka iwake. Osmel anavuta sigara?"

"Na mgonjwa wa mapafu ndani? Thubutu."

Asubuhi Ford ilikuwa imevutwa hadi ua wa kituo. Inspekta alimwita Mayelín asimame barazani, bila kumwambia sababu. Kisha aliagiza Fermín aletwe, na alipofika alimpokea kwa upole ambao Leyva hakuwahi kuuona.

"Mzee wangu, tusaidie. Hawa vijana wangu hawajui magari. Tumepata inveta nyingine, nataka taa hii iwake."

Fermín alitupa sigara yake. Alisimama mbele ya gari kama mtu aliyeitwa kumtambua maiti. Alifungua boneti, akavishika vibanio viwili. Alikipeleka cheusi kwenye bodi, akakirudisha. Hatimaye akabana chekundu kwenye bodi na cheusi kwenye kichwa cha betri.

Taa ikawaka.

"Ajabu hii," alisema inspekta. "Dereva wa Chevrolet, hujawahi kufungua boneti hii, na umepatia. Sajenti wangu aliitazama ilipokuwa imefungwa vibaya, akasema iko sawa. Nani alikufundisha?"

Fermín aliitazama taa.

"Evelio."

"Lini?"

Fermín alivua kofia.

"Lini, Fermín?"

"Jana. Saa nne na nusu."

Alikaa juu ya bampa.

"Aligonga ukuta, nikaenda mbio. Nikafunga kama ninavyofunga kwangu. Fyuzi ikakatika. Akaivuta barakoa, akasema dirishani, 'Mwekundu kwenye bodi, punda wewe.' Nikamwambia nyamaza, umekosa hewa unaropoka. Nikatia fyuzi ya akiba, nikafunga vilevile. Akasema tena. Mara ya tatu, nilipoizungushia karatasi, alinyoosha kidole tu. Inveta ilipoungua, pumzi zilikuwa zimeshamtoka."

"Chevrolet yako ilikuwa hatua kumi. Fyuzi ya kwanza ilipokatika, ungeipeleka inveta huko."

"Najua."

"Kwa nini hukuipeleka?"

"Kwa sababu angepona, Afande, halafu angenicheka mpaka naingia kaburini. Kila tukikaa kwenye dhumna: Fermín kashindwa na Ford. Miaka arobaini ananiambia siwezi kuliwasha gari lake. Nilitaka niliwashe." Alifunika uso. "Mimi ni mjinga. Nimemuua kwa ubishi."

"Na Osmel?"

"Mlipouliza, nilisema lililokuwa mdomoni ili msiniangalie mimi. Lilipotoka nikashindwa kulirudisha. Niliona aibu."

Mayelín alishuka barazani. Leyva alisogea, akidhani atampiga mzee wa watu. Lakini Mayelín alisimama tu mbele ya Fermín.

"Alikuita punda?"

"Mara mbili, mwanangu."

"Basi akili zilikuwa timamu," alisema Mayelín. "Alikuwa anajua anachokwambia." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti.

Fermín alipelekwa ndani kuandika maelezo: ya kifo, na ya kumsingizia mtu. Osmel alitolewa, akasaini kitabu, akafunga mkanda wake. Mkewe alimsubiri kwenye ngazi.

"Nilisema ni wewe," alimwambia.

"Nimesikia."

Mayelín alisubiri aongeze neno. Osmel alilikunja shuka, akaliweka kwapani.

"Twende tukamzike mzee," alisema.