Vidole Chini ya Meza

Kifuniko cha sufuria ya mvuke kilikuwa kinagongagonga jikoni, gizani, na mimi nilikuwa kitandani nimejifunika blanketi hadi usoni kama mtu anayekwepa mgeni. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa ameshaamka kufanyia majaribio mikate ya mvuke, kwa sababu aliamini mkwe wake anakuja Jumamosi.

Simu ikatetemeka chini ya mto. Alikuwa Shuhai. Kwa siku sita nilikuwa namwandikia na kufuta, namwandikia na kufuta. Sasa yeye ndiye ametangulia.

"Lan, ile klabu ya Ureno imeniita tena nikafundishe. Mkataba ni wa miaka mitatu. Wanataka jibu kesho, Ijumaa. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu."

Nikaisoma mara nne. Nikamwandikia maneno mawili tu: "Na Jumamosi?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, nikatamani lingechelewa zaidi.

"Jumamosi nije nimwambie nini mama yako?"

Nilikwenda jikoni nikiwa na soksi tu miguuni. Mama alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha nyuzi, na mpaka leo anaongea kwa sauti ya juu kama vile mashine bado zinanguruma. Akaniuliza, jengo zima likisikia, kama Shuhai anakula kitunguu saumu kibichi au cha kupika.

"Mama, Shuhai haji."

Akapunguza moto.

"Umemfanya nini?"

"Kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu umerudi na kombe ukalisukuma chini ya kitanda. Nimeligonga na ufagio jana."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote. Hata sasa nikiyakumbuka masikio yananiwaka moto.

Mimi na Shuhai tulianza tukiwa na miaka kumi na tisa, tukicheza mpira wa meza pamoja, mvulana na msichana, kwenye timu ya pili ya mkoa. Hakuna aliyetuchagua kwenda timu ya kwanza. Lakini tulikuwa na vidole vyetu. Wachezaji wa wawili wawili wote wanavyo: kabla ya kuanzisha mpira, unaweka mkono chini ya meza, unamwonyesha mwenzako mpira gani unakuja, na wapinzani hawaoni. Kila jozi ina ishara zake. Sisi zetu tulizibuni kwenye viti vigumu vya treni tukienda mashindanoni, mikono ikiwa chini ya koti moja. Kidole cha mwisho: mpira mrefu, wa kasi. Kidole gumba: mpira mfupi, unaorudi nyuma ukigusa meza. Na ngumi iliyofungwa haikuhusu mpira kabisa. Ngumi maana yake: nipo hapa, usiogope.

Baadaye nikawa kocha wa watoto kwenye shule ya hapa kwetu. Shuhai akaenda Ureno kufundisha, akarudi baada ya miaka miwili akisema amechoka kula peke yake. Akafungua kituo cha mazoezi ya watoto mjini kwao, saa mbili kwa treni kutoka kwetu, kwenye ghala la zamani la nafaka lenye meza nane. Tulikubaliana tutaoana mwaka mpya ukipita.

Kisha ikaja fainali ya wasichana chini ya miaka kumi na moja. Jozi itakayoshinda inachukuliwa kambi ya mkoa. Wasichana wangu dhidi ya wasichana wake. Kwa miaka minne sikuwa nimepeleka mtoto hata mmoja kambini, na mkuu wa shule alikuwa ameanza kuja kuupima ukumbi wangu kwa macho, akisema ungefaa sana kwa darasa la ngoma.

Seti ya kwanza tukafungwa. Katika seti ya pili chupa yangu ya maji ya moto ilidondoka kifuniko. Nikainama kukiokota, na nilipoinama nikaona chini ya meza. Mkono mdogo wa Miaomiao, mwanafunzi wa Shuhai, miaka kumi, kidole cha mwisho kimenyooka. Mpira ukaja mrefu, wa kasi. Halafu gumba. Mpira ukaja mfupi.

Shuhai hakuwa amebadilisha kitu. Aliwapa watoto wake vidole vyetu.

"Mtu mwenye haya angetazama pembeni," nilimwambia Mama. "Mimi niliwaita wasichana wangu wakati wa mapumziko, nikawaambia nikikohoa, mpira ni mfupi. Nikigonga kifuniko, ni mrefu."

Tulishinda seti tatu mfululizo. Mwishoni, tisa kwa tisa, Miaomiao alimfungia mwenzake ngumi chini ya meza. Nipo hapa, usiogope. Niliiona vizuri kabisa. Na mpira uliofuata, nikakohoa.

Mama aliuliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Sheria inakataza?"

"Haikatazi. Anayeonyesha ishara ndiye anatakiwa aifiche."

"Basi mbona umekonda hivyo?"

Mama akafunua sufuria. Akafunga mikate minne ya moto kwenye kitambaa, akaniwekea mapajani. Akasema treni ya kwanza ni saa moja kasorobo, na kwamba hana haja ya kumwona Shuhai Jumamosi kama binti yake hawezi kumwona Alhamisi.

Ndani ya treni, kundi la wazazi lilikuwa bado linanipongeza kwenye simu, kwa jina langu la ukoo. Kocha Yan hodari. Kocha Yan ana macho ya mwewe. Siku zote sita nilikuwa nawajibu kwa picha za maua. Safari hii nikazima, nikampigia mzee Fang, anayechagua watoto wa kambi ya mkoa. Nilimuuliza kama kuna uwezekano wa kuchukua watoto wanne. Akacheka, akasema vitanda ni viwili. Nikamwambia kwa nini nauliza.

Kicheko kikakatika. Alinieleza taratibu kwamba hatawanyang'anya wasichana wangu nafasi yao, kwa kuwa mpira walipiga kwa mikono yao wenyewe, wala hawakutunga wao hila hiyo. Huyo Miaomiao, yeye Fang atakuja kumtazama majira ya machipuko, kama bado atakuwa anacheza.

"Na wewe pia, Ruolan," akamalizia, bila kulifupisha jina langu, "nitakutazama."

Ghala lile halina joto la kutosha. Watoto walikuwa likizo ya baridi, wanafanya mazoezi na makoti. Nilipoingia wakasimama wote kwa pamoja: "Habari za asubuhi, Kocha Yan." Shuhai alikuwa amesimama na beseni la mipira, anamrushia mtoto mmoja mmoja bila kupumzika, kulia, kushoto, kulia. Hakugeuka.

Sauti ndogo ikasema kutoka nyuma, "Kocha, mchumba wako amekuja."

"Aliyesema hivyo, mipira mia mbili ya ziada."

Hakuna aliyejitaja. Wakacheka wakiwa wameinamia vibao vyao vya kupigia mpira. Miaomiao peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, nywele za mbele zimekatwa upogo na bibi yake, anabandua kingo za raba kwenye kibao chake kwa kucha.

Tulitoka nje, mimi na Shuhai, tukasimama uani karibu na lundo la theluji chafu. Nilimpa mikate ya Mama. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ya mama, si yangu.

"Ulijua lini?" nikauliza.

"Seti ya tatu. Ulikohoa mara nne. Wewe hukohoi hata ukiwa na homa."

"Mbona hukumwambia mwamuzi?"

"Nimwambie nini? Kwamba mchumba wangu anavijua vidole vyangu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nilidhani umeshazibadilisha ishara," nikasema. "Miaka kumi, Shuhai."

"Nilijaribu kule Ureno. Nikawa nachanganya, watoto wananicheka. Niliporudi nikaona hakuna haja. Mtu mwingine pekee anayezijua ni mke wangu mtarajiwa, atamdhuru nani."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza. Ningependa anifokee. Machozi yalinitoka, yakaanza kuganda mashavuni, nikayafuta na mkono wa koti kama mtoto.

"Nisamehe."

"Nilikusamehe kwenye treni ya kurudi. Nilikasirika vituo vitatu, tulipofika Jinan hasira ikaisha."

"Sasa Ureno ya nini?"

Akageukia mlango wa ghala. Kutoka ndani mipira ilikuwa inadunda kama mvua kwenye bati.

"Miaomiao hataki kuanzisha mpira," akasema. "Siku ya sita leo. Anarudisha vizuri, anashambulia vizuri, ikifika zamu yake anaweka mpira mezani, anaondoka. Anasema yeye hajui kuanzisha, ndiyo maana kila mpira wake ulirudi. Baba yake amesema juma lijalo anamtoa. Na mimi najua ukweli, Lan. Kila asubuhi namwambia ongeza bidii, ongeza bidii, huku najua. Kwa sababu nikimweleza, lazima nikutaje wewe."

"Ungenitaja tu."

"Siwezi kukutaja. Na siwezi kuoa mtu ambaye kwa ajili yake namdanganya mtoto. Nimezunguka kote, nimeona njia iliyobaki ni kuondoka."

Nilielewa. Katika kazi yetu kocha hakosei. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto chini ya makocha, sikuwahi kusikia hata mmoja akisema samahani. Akikosea yeye, unakimbia mizunguko wewe. Na watoto hawa wangefika nyumbani mchana, wangesimulia, wazazi wao wangewaandikia wazazi wa kwetu, na kabla ya chakula cha jioni yale maua yote kwenye simu yangu yangekauka. Wasichana wangu pia wangejua kwamba kombe lao lina kikohozi changu ndani yake.

"Nitamwambia mimi," nikasema.

"Mbele ya wenzake. Walimwona wote akishindwa."

"Mbele ya wenzake."

Shuhai akaingia, akapiga makofi mara mbili. Mipira ikatulia. Watoto kumi na sita wakapanga mstari. Nilisimama mbele yao.

Nikaanza vibaya. Nikasema kuhusu michezo, nidhamu, heshima. Watoto wakaanza kutazama dari. Basi nikaacha, nikaenda mpaka alipo Miaomiao, nikachuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Miaomiao, kwenye fainali niliona vidole vyako chini ya meza. Nilijua maana yake, kwa sababu zamani nilikuwa nacheza na kocha wako na vilikuwa vidole vyetu. Nilipokohoa nilikuwa nawaambia wasichana wangu mpira gani unakuja. Nilikuibia. Naona aibu sana, na naomba unisamehe."

Nikainamisha kichwa. Kumwinamia mtoto wa miaka kumi, mbele ya wenzake, mbele ya mwanaume unayempenda. Sakafu ya ghala lile ina nyufa, nilizihesabu mpaka saba.

Mwenzake wa jozi ndiye aliyeongea kwanza. "Si nilikwambia kuna mtu anakohoa?"

"Hukuniambia," Miaomiao akajibu.

"Nilikwambia kwenye treni. Ulikuwa unalia, hukusikia."

Miaomiao akanitazama kwa makini, kama anavyotazama mtu mpira unaozunguka ili ajue utageukia wapi.

"Uliona kila mpira?"

"Karibu wote."

"Na kama usingekohoa?"

"Wangeuangusha wavuni. Ule mfupi wako hata mimi ungenishinda."

Hakuniamini. Akamtazama kocha wake. Shuhai akaitikia kwa kichwa, kisha akasema kwamba na yeye alijua tangu siku ile na akanyamaza, kwa hiyo wanaoomba msamaha ni wawili. Akainama kando yangu, bega lake likagusa langu.

Halafu ile ile sauti ndogo ya nyuma ikauliza, "Basi makocha wanakimbia mizunguko mingapi?"

Shuhai akavua koti. "Ishirini," akasema.

Tukakimbia. Watoto walihesabu kwa sauti, wakidai tusikate kona. Mimi sikuwa nimekimbia tangu nivunjike kifundo cha mguu, na kufikia mzunguko wa nane nilikuwa nahema kama birika. Shuhai akapunguza mwendo ili tuwe sambamba.

"Ureno nitawaandikia leo kwamba siendi," akasema, bila kunitazama.

"Watanitoa kazini, Shuhai."

"Huenda. Hapa kuna meza nane na kocha mmoja."

Nilitaka kujibu, pumzi haikutosha. Nikamshika mkono. Watoto wakaguna, mmoja akasema hiyo haihesabiki, turudie mzunguko huo, na tukaurudia.

Kwenye mzunguko wa kumi na tisa hesabu ikasimama. Nilidhani wamechoka kutucheka. Nikageuka nikaona wote wanatazama meza ya mwisho, dirishani. Miaomiao alikuwa amesimama pale na mpira kiganjani. Akaurusha juu, kibao kikapita chini yake kwa haraka. Mpira ukagusa upande wake, ukavuka wavu, ukagusa upande wa pili, halafu taratibu ukarudi nyuma kuelekea wavuni na kulala pale.

Akautazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti, "Kumbe najua kuanzisha."